Kesi ya Mtikila darasani: uchambuzi wa kisa cha mgombea binafsi kwa vipindi vinne vya GS

Niseme mapema mi sio mwanasheria, mi ni mwalimu wa GS (General Studies) na historia kidato cha tano na sita, shule ya kawaida tu yenye mabweni na wanafunzi wachache wa kutwa. Hiki nnachoandika hapa ni jinsi nilivyofundisha mada ya katiba na kazi ya mahakama kwa kutumia kesi moja mwanzo mwisho, nikaiacha ile mihimili mitatu tunayoijua wote. Serikali inatekeleza, Bunge linatunga, Mahakama inatafsiri, basi. Mtoto anaijua hii toka shule ya msingi, anaiandika kidato cha pili, anaiandika cha nne, anaiandika tena cha sita na maksi anapata, afu ukimuuliza haya, mahakama ikishatafsiri na Bunge halijapenda inakuaje, anakuangalia tu kama umemuuliza bei ya mafuta mwezini.

Kesi niliyochagua ni ya Mchungaji Christopher Mtikila na mgombea binafsi, yani mtu anayegombea bila kupitia chama. Watu wengi wanamkumbuka Mtikila kwa maneno makali na mikutano ya Jangwani, wachache wanajua kwamba jina lake limo kwenye karibu kila kozi ya sheria ya katiba nchini. Niliichagua sio kwa sababu nampenda Mtikila (kuna mengi alisema ambayo mi binafsi siwezi kuyatetea) ila kwa sababu kesi hii imepita kila mlango. Mahakama Kuu mara mbili, Bunge, Mahakama ya Rufani, Mahakama ya Afrika pale Arusha, Tume ya Katiba, afu mpaka leo ukitaka ubunge bila chama huwezi. Miaka 20 ya 1993 mpaka 2013 imejaa somo zima la katiba ndani ya mtu mmoja mbishi.

Mara ya kwanza kuijaribu nilifeli vibaya sana, acha nianze na hilo. Nilitoa kopi ya hukumu ya 2010 ya Mahakama ya Rufani, kurasa nyingi, Kiingereza cha majaji, nikawagawia kikundi kikundi nikasema someni mtaniambia. Hela ya kopi ilitoka mfukoni kwangu. Kipindi cha pili nakuta kundi moja limefungia chapati kwenye ukurasa wa 14. Na sikuwalaumu maana hata mi nilivyoisoma mara ya kwanza nilirudia rudia. Sheria imebadilishwa 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini kesi zote kubwa za katiba tunazotaka watoto wazijue ziliandikwa kabla ya hapo. Kwa iyo mara ya pili niliamua hukumu naisoma mimi, naandika kwa Kiswahili changu ukurasa mmoja kwa kila hatua, na la muhimu zaidi, matokeo hawapewi. Wanapewa ukweli wa kesi wanaamua wao kwanza, ndo nawafunulia majaji walisemaje.

Kipindi cha kwanza sikutaja katiba kabisa. Niliandika ubaoni sheria ya kutunga: mgombea wa kaka mkuu lazima awe mkazi wa bweni na apendekezwe na bweni lake. Nikakaa. Ilichukua kama dakika moja hivi, kijana mmoja wa kutwa akanyoosha mkono, "Mwalimu sasa sisi?" Nikamjibu hamia bweni. Akasema mama yake anaumwa, hawezi kuhamia bweni. Nikamwambia basi pigia kura wenzako, hujakatazwa kupiga kura. Darasa likalipuka. Wa bweni wakasema ni sawa tu, bweni ndo linamjua mtu tabia yake, mtu wa kutwa atawajibika kwa nani akiharibu, wa kutwa wakasema yani tunaruhusiwa kuchagua ila haturuhusiwi kuchaguliwa. Binti mmoja wa mbele, yeye ni wa bweni, ndo akasema kitu ambacho sikukitegemea mapema ile, kwamba yeye anakaa bwenini lakini bweni lake lina wakubwa wao, wakubwa wasipomtaka hapiti hata kama shule nzima inamtaka. Nikaandika sentensi yake pembeni ya ubao nikasema isifutwe mpaka tumalize mada. Mwanafunzi wa zamu alijitahidi kweli, ilikaa wiki mbili.

Baada ya hapo kuiingiza Tanzania ilikuwa rahisi. 1992 nchi inaingia vyama vingi, baada ya Tume ya Jaji Nyalali iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Katiba inarekebishwa, na humo humo inawekwa kwamba anayetaka urais au ubunge awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama hicho. Ndo ibara ya 39 na 67. Lakini katiba hiyohiyo ina sura ya haki, ambayo iliingia 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani 1988, na humo kuna ibara ya 20(4) inayokataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama, na ibara ya 21(1) inayosema kila raia ana haki ya kushiriki shughuli za utawala wa nchi. Nikawaambia haya wekeni hizi pamoja. Hulazimishwi kujiunga na chama. Una haki ya kushiriki kutawala. Ila huwezi kugombea bila chama. Je zinakaa pamoja au hazikai?

Mtikila akasema hazikai. Chama chake, DP, kilikuwa hakijapata usajili wa kudumu (kilikuja kuupata 2002), kwa iyo kwake hii haikuwa nadharia, alikuwa kama yule kijana wa kutwa. 1993 akafungua shauri namba 5 Mahakama Kuu Dodoma, na hakuomba hilo moja, aliomba mambo mengi, likiwemo la kibali cha polisi kwa mikutano ya hadhara. Jaji ni mmoja, Kahwa Lugakingira.

Swali la kwanza nililowapa ni dogo ila wengi huliruka: huyu mtu ana haki gani ya kuja mahakamani? Nani kamtuma? Wanafunzi karibu wote waliona ni swali la kijinga, si raia bwana. Lakini upande wa Serikali ulilileta kweli, kwamba mlalamikaji aonyeshe yeye binafsi ameumizwa nini zaidi ya wengine. Jaji Lugakingira akaegemea ibara ya 26(2), ile inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, na akafungua mlango wa kesi za maslahi ya umma nchini. Hapa nilipoteza muda mrefu na sijutii. Maana 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ikawa anayefungua shauri la haki za msingi alitakiwa aape kiapo kuonyesha alivyoathirika yeye mwenyewe. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, kwa iyo Mtikila wa leo angerudishwa getini? Nikamwambia getini angebaki muda mrefu kidogo. Na hapo ndo nikaona wameanza kuelewa kwamba mahakama ni jengo lenye mlango, na upana wa mlango unaamuliwa na watu.

Uamuzi ukatoka 24 Oktoba 1994. Kabla sijausoma niliwapa karatasi waandike wao wangeamuaje, dakika kumi, jina lisiandikwe. 31 walimpa Mtikila ushindi, 9 Serikali, mmoja aliandika "inategemea", na huyo wa inategemea ndo niliyemsoma kwa sauti maana alieleza kitu kizuri, alisema kama ibara mbili za katiba zinagongana jaji asichague anayoipenda, atafute tafsiri inayoacha zote ziishi, na kama haiwezekani basi ile inayompa mtu haki ishinde. Mtoto wa miaka 18 huyo, hajawahi kuona hukumu. Na hiyo iko karibu kabisa na njia aliyopita Lugakingira. Jaji alisema itakuwa halali mgombea binafsi kusimama pamoja na wagombea wa vyama kwenye urais, ubunge na serikali za mitaa, na kwenye mikutano akasema kibali kinakiuka katiba, inatosha kutoa taarifa. Maombi mengine ya Mtikila aliyatupa, na hilo pia niliwaambia maana wanafunzi hudhani mtu akishinda kesi ameshinda yote.

Darasa lilipiga makofi. Nikawaacha wapige. Afu nikawaambia jambo moja ambalo nililiweka makusudi mwishoni mwa kipindi: tarehe 16 Oktoba, yani siku nane kabla ya hukumu, Serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni muswada wa kuizuia haki hiyohiyo. Kengele ikalia.

Ukifundisha kitu chochote cha sheria nakushauri utafute kengele ya hivyo. Walinifuata hadi ofisini.

Kipindi cha pili tukaingia kwenye Bunge. Muswada ulipitishwa 2 Desemba 1994, Rais akasaini 17 Januari 1995, ukawa Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba. Walichofanya ni kuiongezea ibara ya 21(1) maneno ya kuifunga, kwamba haki ya kushiriki ipo ila isiathiri ibara za 39, 47 na 67. Yani ule mgongano ambao jaji aliutatua kwa upande wa raia, Bunge likautatua kwa upande wa chama, na likautatua ndani ya katiba yenyewe. Serikali ilikuwa imekata rufaa, Aprili 1995 ikaiondoa. Ya nini rufaa wakati umeshabadilisha kitabu.

Hapa nikawauliza, Bunge lilikosea? Na hapa ndo nilitaka wagombane kweli. Niligawa darasa, na sheria yangu ni kwamba unatetea upande usioupenda. Waliokuwa wamepiga makofi wakakaa upande wa Mwanasheria Mkuu. Mwanzoni walikuwa wanatetea kwa uvivu, wakisema tu "Bunge lina mamlaka", nikawarudisha, mamlaka kutoka wapi, ibara gani, idadi gani. Wakafungua ibara ya 98 wakakuta theluthi mbili. Mmoja wao akasema vizuri sana, alisema mwalimu wale wabunge tumewachagua sisi, jaji hatukumchagua, sasa nani anaongea kwa niaba ya wananchi zaidi? Upande wa pili wakamjibu kwamba wabunge wa 1994 walichaguliwa 1990 kwenye chama kimoja. Kimyaa. Hiyo hoja sikuwapa mimi, waliikuta wenyewe kwenye kitabu cha historia cha kidato cha nne, na ni kweli, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ni 1995. Nikaongezea kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe aliipinga hadharani hatua ile ya kufuta haki ya mgombea binafsi, na Nyerere ndo aliyeijenga nchi ya chama kimoja, kwa iyo msichukulie kwamba ubishi huu ni wa wapinzani na chama tawala tu.

La mikutano nalo msilipite hivihivi, walimu wenzangu, maana ndo linaonyesha mahakama inaposhinda inashindaje. Sheria ilibadilika, kibali kikaondolewa, ikaingia taarifa ya saa 48 kwa polisi. Ushindi. Ila wanafunzi wangu wanakumbuka, au kaka zao wanakumbuka, kwamba toka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, hadi Januari 2023 Rais Samia alipotangaza kuondoa zuio. Swali lilikuja lenyewe: kama jaji aliamua 1994 na sheria ikarekebishwa, hiyo 2016 ilitokeaje? Nilijibu kwamba polisi kwenye sheria hiyohiyo wana mamlaka ya kuzuia mkutano kwa sababu za usalama, na hukumu hata iwe nzuri vipi haina polisi wake, inategemea wengine waifuate. Sikwenda zaidi ya hapo. Mwalimu wa shule ya serikali unajua mwenyewe unapoishia.

2005 Mtikila akarudi. Mwaka huohuo amegombea urais kupitia DP, kwa iyo sasa ana chama, ila bado anadai asiyekuwa nacho aruhusiwe. Safari hii majaji watatu Dar es Salaam, Manento akiwa Jaji Kiongozi, na Massati na Mihayo. Kwa nini watatu wakati 1994 alikuwa mmoja? Kwa sababu mwaka huohuo wa 1994 ilitungwa ile Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, inayotaka majaji watatu. Vitu vidogo hivi vya nani anakaa na wangapi wanafunzi wanavipenda kuliko unavyodhani, ni kama marefa.

5 Mei 2006 Mahakama Kuu ikasema yale marekebisho yanakiuka Katiba, yamekwenda mbali kuliko sababu iliyotolewa, mgombea binafsi aruhusiwe, na Serikali iweke utaratibu wa kisheria kabla ya uchaguzi mkuu unaofuata, yani 2010. Kumbuka Katiba yetu ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama badala ya kufuta kitu palepale iipe Serikali au Bunge muda warekebishe. Nilipenda sana kuwaonyesha hii kwa sababu wanafunzi wanaona mahakama ina kifutio tu, hawajui kwamba ina kalenda pia.

Lakini binti yule wa bweni akauliza swali ambalo kwa kweli ndo kesi yenyewe: "Mwalimu, katiba inawezaje kukiuka katiba?"

Nikakaa chini. Nikamwambia swali lako limesikilizwa na majaji saba.

Kipindi cha tatu chote kikawa hicho. Mahakama ya Rufani, majaji saba badala ya watatu wa kawaida, Jaji Mkuu Augustino Ramadhani akiongoza, na wakaitwa marafiki wa mahakama watatu, Profesa Kabudi, Profesa Mwaikusa na Othman Masoud wa Zanzibar. Rafiki wa mahakama, niliwaeleza, sio rafiki wa jaji, ni mtaalamu anayekuja kusaidia mahakama ifikiri bila kuwa upande wa mtu. Wakacheka. (Profesa Mwaikusa aliuawa kwa risasi Julai 2010, mwezi mmoja baada ya hukumu. Niliwatajia kwa sababu waliuliza yuko wapi sasa.)

Niliwaandalia mizani. Upande mmoja kuna wazo maarufu la India la 1973, kesi ya Kesavananda, majaji 13 waliogawanyika 7 kwa 6, wakasema Bunge linaweza kubadilisha ibara lakini haliwezi kuvunja nguzo za katiba, na anayesema nguzo ni ipi ni mahakama. Mfano wa darasani: mwenye nyumba anaruhusiwa kupaka rangi, kuongeza chumba, kubadili bati, ila akitoa msingi hapo hakarabati tena. Upande wa pili kuna wazo kwamba kama Bunge limefuata utaratibu wa ibara ya 98 basi yaliyoingia ni katiba kamili sawa na mengine, na jaji aliyeapa kuilinda katiba hawezi kuamka asubuhi akafuta ukurasa wake.

Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wakachukua upande wa pili. Walikataa nadharia ya nguzo, wakasema mahakama haina uwezo wa kutangaza ibara ya katiba kuwa inakiuka katiba isipokuwa kama utaratibu wa kuibadilisha haukufuatwa, na wakasema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa zaidi kuliko la kisheria, likamaliziwe na Bunge. Miezi minne na kitu kabla ya uchaguzi. Lakini, na hapa ndo niliwalazimisha wasome taratibu, mwishoni majaji hawakusema kwamba kumzuia mgombea binafsi ni jambo jema. Walitoa ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge, wakakumbusha msimamo wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba haki ya kugombea isifungwe kwa kumtaka mtu awe na chama.

Sasa hapa ndo darasa langu lilipokwama, na nadhani darasa lako litakwama hapahapa. Mara tu nilipowafunulia matokeo nusu ya darasa ikasema "waliogopa", "walipigiwa simu", "siasa tu hiyo". Hii ndo sababu iliyonifanya niandike yote haya. Jibu la "walipigiwa simu" ni jibu la kudesa, halina tofauti na la mihimili mitatu, yote mawili yanamuokoa mwanafunzi asifikiri. Yule wa mihimili anaamini mahakama daima inatenda haki, huyu wa simu anaamini haitendi kamwe, na wote hawajasoma sababu. Nikawapiga marufuku kutumia neno "waliogopa" kwa dakika 40. Nikasema nataka kila mmoja aandike hoja kali kabisa ya majaji saba kiasi kwamba Jaji Ramadhani mwenyewe angesaini, ndo baadaye uipinge.

Na wakaandika. Kijana wa kutwa, yuleyule aliyeanzisha yote, aliandika hivi (nanukuu kwa ruhusa yake): "Kama leo majaji watano wanaweza kufuta ibara mbaya, kesho majaji watano wengine wanaweza kufuta ibara nzuri, na sisi hatuna kura ya kuwatoa." Afu chini yake akaandika hoja ya kupinga: "Lakini kama wabunge wa vyama ndo wanaamua nani asiye na chama agombee, hapo mwenye duka ndo anatoa leseni ya duka la pili." Nilimpa 20 kwa 20 na sijawahi kutoa 20 kwenye insha ya GS, mwenzangu wa stafu rumu akaniambia nimelewa.

Mi binafsi ninaonaje? Waliniuliza pia. Naona majaji saba walikuwa sahihi kuogopa mahakama inayojipa mamlaka ya kuchuja katiba, ila nadhani walikuwa na njia ndogo ya katikati waliyoiacha, ile ya Lugakingira ya kuzisoma ibara pamoja na kuegemea haki pale panapobana, bila kufuta kitu. Wapo wanasheria watakaonipinga kwamba baada ya 1994 maneno yalishafungwa hapakuwa na pa kuegemea. Inawezekana. Kwa majirani Kenya jambo hili limezunguka vilevile, 2021 Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zilikubali wazo la nguzo kwenye kesi ya BBI (mpango wa kurekebisha katiba yao), Machi 2022 Mahakama ya Juu ikalikataa ingawa BBI yenyewe bado ilianguka kwa sababu nyingine. Kwa iyo usimwambie mwanafunzi kwamba kuna jibu kwenye kitabu cha maswali.

Kipindi cha nne kilikuwa cha Arusha, na hiki kilienda haraka maana walishajua kubishana. 2011 Mtikila, na kwa shauri lao TLS (chama cha mawakili wa Tanzania Bara) pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Waliweza kwenda moja kwa moja kwa sababu Tanzania Machi 2010 ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki huko. Serikali ilitetea kwamba katazo linatokana na historia na mazingira ya nchi, kulinda umoja na Muungano. 14 Juni 2013 mahakama ikasema sababu hizo hazitoshi kuondoa haki yenyewe, Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika kwenye haki ya kushiriki utawala, uhuru wa kujiunga na wengine, na usawa mbele ya sheria, ichukue hatua za kikatiba na kisheria ndani ya muda unaofaa. Hiyo ndo hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo kuamua kiini cha madai dhidi ya nchi, na nchi yenyewe ndo mwenyeji wake. Fidia Mtikila hakupata, mwaka uliofuata ombi lake likakataliwa kwa kukosa ushahidi wa hasara, jambo lililowaudhi wanafunzi kuliko yote, wakidhani ukishinda lazima ulipwe.

Halafu nikawapa fumbo. Kwenye Mahakama ya Afrika wakati huo kulikuwa na jaji Mtanzania, ambaye hakukaa kwenye kesi hii kwa sababu kanuni inamkataza jaji kusikiliza kesi ya nchi yake. Ni nani? Augustino Ramadhani. Na mtu huyohuyo kuanzia 2012 alikuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba, ambayo rasimu yake ya kwanza, iliyotoka 3 Juni 2013, siku 11 kabla ya hukumu ya Arusha, ilimruhusu mgombea binafsi. Darasa lilishangaa, mmoja akasema basi alibadilika. Yule binti akasema hapana mwalimu, hajabadilika, mwanzo alisema sio kazi ya jaji, sasa hakukaa kama jaji. Sikuwa na cha kuongeza.

Mwisho wa mkasa mnaujua. Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa na haijafanyika. Mtikila akafariki Oktoba 2015 kwa ajali ya gari mkoa wa Pwani, wiki chache kabla ya uchaguzi. Novemba 2019 Tanzania ikaandika kuliondoa lile tamko, likaacha kufanya kazi mwaka mmoja baadaye, kwa iyo mtu binafsi hawezi tena kwenda Arusha moja kwa moja dhidi yake.

Kuhusu mtihani, maana najua mtauliza, hamna swali la Mtikila kwa jina ila swali la mgawanyo wa madaraka lipo karibu kila mara na wangu sasa wanaandika mfano wenye tarehe badala ya "kwa mfano mahakama hutafsiri sheria". Waliosumbuka ni wale wa kukariri, wawili walinifuata wakaniomba notisi zenye pointi, nikawapa, mtu asife njaa.

Nitakaporudia mwaka huu nabadilisha mambo mawili. Ile ya 2010 naipa kipindi dabo, maana swali la katiba kukiuka katiba halikai kwenye dakika 40. Na lile zoezi la kaka mkuu nalianza kabla ya uchaguzi wa viranja, sio baada, kwa sababu wiki iliyofuata kijana wa kutwa alikuja na barua mkononi, imeandikwa vizuri tu, ina hoja tatu na ibara ya 21(1), anaomba kanuni za uchaguzi wa shule zitazamwe upya, na mkuu wa shule akaniita kuniuliza nilikuwa nafundisha nini huko darasani.